Kukata na Kuunga: Kwa Vijana Wanaojifunza Kuhariri Video



Ndugu zangu, nanyi wazazi mliokuja kusikiliza. Najua wengi mwangoja niwatajie programu nzuri. Hilo si kubwa. Mwenye kompyuta yenye nguvu, DaVinci Resolve ina toleo la bure. Mwenye simu na atumie aliyonayo. Kazi ni ileile, kukata na kuunga.

Sasa tazameni. Video za simu nyingi hupitisha picha 30 kila sekunde. Ondoa picha 10 tu, yaani thuluthi moja ya sekunde, na neno "si" lishaondoka! Sheikh alisema "si halali", wewe umetoa "halali". Utasema picha itaruka na watu watagundua. Wapi! Mhariri huifunika ile ruko kwa picha nyingine, labda wasikilizaji wamekaa mkekani, huku sauti ikiendelea. Mbinu hii nitawafundisha, maanake twaihitaji kila siku kuondoa kikohozi na "aaa" za msemaji. Lakini ndiyo hiyohiyo inayoficha uongo.

Hata bila kugusa sauti, kuunga peke yake kunasema. Karibu miaka 100 iliyopita kule Urusi, mwalimu wa filamu Lev Kuleshov inasimuliwa aliunga uso uleule wa mwigizaji na sahani ya supu, kisha na jeneza. Watazamaji wakaona njaa, kisha huzuni, na uso haukubadilika hata kidogo. Basi ukiunga maneno ya Imamu na uso wa kijana anayecheka, umeshamtukana Imamu.

Aliyesoma madrasa hili si geni kwake. Ustadh alitukataza kusimama mahali fulani katika Suratul Maun, kwa sababu maana yageuka.

Mengine ni mepesi: nakili video asili mahali pawili kabla ya kuanza, na usiihamishe faili katikati ya kazi, programu itaipoteza. Sauti isikilizwe kwa spika za masikioni.

Zoezi la kwanza ni hili. Chukua dakika tano za darsa, zifanye dakika moja. Kisha, kabla hujamtumia yeyote, mpelekee aliyesema aitazame. Akikwambia, "Mwanangu, sivyo nilivyosema," rudi ukate upya.