Kanda Ikikwaruza, Wimbo Bado Upo
(Mazungumzo na wanakwaya na wacheza ngoma wa Ulyankulu, Tabora)



Leo tujibu swali moja. Je, wimbo hauwezi kupendeza mpaka urekodiwe kwa mashine za gharama kubwa?

Swali hili si dogo. Vikundi vingi vijijini hukaa miaka vikingoja fedha za studio. Huku vinangoja, wazee wenye nyimbo wanatutoka.

Tutazame mifano. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri mpaka Bombay, India, kurekodi santuri. Santuri za siku zile zilikwaruza kama bisi zinazopasuka chunguni. Lakini watu walizinunua, na mpaka leo zinasikilizwa. Walitaka sauti ya Siti na maneno yake. Mikwaruzo waliizoea.

Mfano wa pili ni wa mkoa wetu. Bendi ya Tabora Jazz ilivuma sana miaka ya 1970. Wimbo wake "Dada Asha", uliotungwa na Shem Karenga, unapendwa hadi leo. Siku zile bendi zilipokwenda kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, wapigaji wote walipiga kwa pamoja, mara moja. Huku vijijini tulisikiliza kwa redio za betri, sauti ikija na kupotea kama upepo. Watu walicheza vilevile.

Mfano wa tatu ni simu. Mama akikupigia kutoka Urambo, simu ya kawaida hukata sauti za chini kabisa na za juu kabisa. Unashindwa kumtambua mama yako? Hapana. Sikio hujaza pengo kwa kitu linachokijua na kukipenda.

Basi, usafi wa sauti si kitu? Hapana, ndugu zangu, ni kitu. Maneno yakipotea, wimbo umekufa. Ukiweka kinasa sauti karibu na ngoma, na waimbaji wako mbali, utapata ngoma tupu. Tena kanda ikinakiliwa kutoka nakala ya nakala, kila mara uvumi huongezeka na sauti hufifia. Kwaya ya Barabara ya 13 ya hapa Ulyankulu ilijulikana mbali kwa kanda zake. Mwenye kanda kama hizo azitunze.

Tufanyeje basi? Wengi wetu tuna simu yenye kinasa sauti, au jirani anayo. Fuateni haya:

1. Chagueni mahali patulivu, mbali na mashine ya kusaga na upepo.
2. Waimbaji wasimame karibu na simu. Ngoma zikae nyuma.
3. Rekodini kidogo, kisha sikilizeni. Maneno yakisikika vizuri, endeleeni. Yasiposikika, sogezeni simu.
4. Rekodi ya kwanza itunzeni. Watu wapewe nakala zake.
5. Kanda za zamani ziwekeni mbali na jua, vumbi na unyevu.
6. Andikeni jina la wimbo, waimbaji, kijiji na tarehe.

Hilo la sita ni kazi yetu hasa, sisi tuliojifunza kusoma na kuandika ukubwani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo nao ni mali. Kanda isiyo na jina, mjukuu ataiokota na kuitupa.

Mwisho, kumbukeni wapagazi wa Kinyamwezi. Katika karne ya 19 walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani ya Bagamoyo, wakiimba njiani. Mwaka 1877 Edison wa Marekani alitengeneza mashine ya kunasa sauti na kuirudisha. Lakini misafara ile iliendelea na safari zake bila mashine hiyo. Leo nani kati yetu amewahi kusikia sauti zao? Tungepata hata dakika moja, yenye mikwaruzo na mvumo wa upepo, tungeipokea kwa mikono miwili.

Wao hawakuwa na mashine. Sisi tunazo mifukoni. Studio ikipatikana, ni vizuri, nendeni. Lakini bibi mwenye nyimbo za harusi za zamani, mfuateni wiki hii.