Mbele ya Kulipa Kamio, Tusome Plaki ya Trakta
Maneno yaliyotolewa mu mukutano wa memba, Bunia



Juma mbili sasa watu wananiuliza: ile trakta ya Djugu itafika lini? Mimi naona tuanze na maulizo mengine. Ni trakta gani? Kiisha, ni ya nani?

Wengi wanasema "ni Massey nyekundu". Rangi inapakwa, kapo inabadilishwa. Fundi wetu alipanda kule na brosi ya chuma na mazuti kidogo, akasugua chini ya volani: plaki iko bado. Ni Massey Ferguson 135. Hizo zilianza kutoka mu 1964, kule Coventry, Uingereza. Motere ni Perkins ya mazuti, silinda tatu. Ata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mirija mitatu ya mazuti inayoingia mu motere. Hiyo ni bahati, sababu mazuti ya kwanza ya ile 35 ilikuwa na silinda ine, inasumbua kuwaka kwa baridi, na vipande vyake ni taabu. Vya 135 vinatengenezwa mpaka leo. Lakini tushike namba yote ya plaki. Bila namba, muuzaji atakupa kile anacho mu duka.

Sasa, ya nani? Hapa nataka tuende pole. Ile konsesio ilikuwa ya muzungu wa kahawa; mu 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio, ikaingia mu mikono mingine. Na sisi wote hapa tunajua mambo ya 1999 yalianzia wapi: mu Djugu, juu ya udongo wa konsesio. Kamio ikionekana pale, wamoja watasema tunatoa chuma, wengine watasema tunaingia mu shamba. Kwa hiyo karatasi ya kuuza itaje trakta peke yake, na namba yake, na iseme wazi kwamba hatuombi udongo ata metere moja. Isainiwe na mwenye konsesio, na chefu wa lokalite, na wazee wa vijiji vya pembeni, pande zote mbili. Ku bariere pia, mutu akiona namba ya karatasi inapatana na ya plaki, maneno yanapungua. Hayaishi, lakini yanapungua.

Kuibeba sasa. Inapima karibu tani moja na nusu, Fuso inaiweza. Vijana wanataka kuivuta na kamba mpaka hapa: hapana. Mipira imekaa ku jua miaka, itapasuka mbele ya kufika Iga-Barrière. Tutafute mahali kingo ya barabara iko juu, kamio irudie nyuma mpaka pale, trakta iingie sawasawa. Tupime kwanza mipira ya nyuma: watu wa zamani walizoea kujaza maji ndani, trakta isiteleze mu shamba. Kama maji yamo, tuyamwange, ni mizigo ya bure. Mnyororo ufungwe ku ekseli, si ku fimbo za kugeuza magurudumu. Na hakuna mutu atakayekaa juu ya kiti cha trakta njiani. Hakuna, ata mutoto wa rais wetu wa shirika.

Barabara ya 27 munaijua wakati wa mvua. Tungoje Januari. Wenye wamerudia tayari, mulime na jembe, musiweke mbegu ngambo juu ya trakta.

Feza ya kamio iko kwa mutunza sanduku, na haitatoka mpaka ile karatasi ifike na sahihi zote. Chefu wa lokalite ametuita siku ya tatu. Nani atapanda na mimi?