Asilimia 60 wasome sayansi, sawa. Na maabara?

Haya ndiyo niliyosema kwenye mjadala wetu wa vijana Jumamosi. Nayaweka hapa kwa ajili ya wale hawakufika.

Kila msimu wa kampeni lazima mtu apande jukwaani aseme vijana wetu wanaogopa fizikia. Watu wanapiga makofi. Mimi nasomea siasa, kwa hivyo wacha niuleze huo woga kisiasa.

Mtaala wa umilisi umeleta mikondo mitatu katika Gredi ya 10, iliyoanza Januari 2026: STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, halafu sanaa na michezo. Serikali imelenga asilimia 60 ya wanafunzi waingie STEM. Sina ugomvi na lengo hilo. Lakini watakuta nini huko?

Angalia KCSE. Fizikia ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya vitendo: saa mbili na nusu, alama 40. Unapewa betri, waya, swichi, ammita na voltmita, unaunganisha sakiti, unasoma vipimo, unachora grafu. Siku chache kabla, shule huletewa maagizo ya siri ya vifaa vya kuandaa, ile wanafunzi huita konfidenshali. Shule yenye maabara inafungua kabati tu. Shule isiyo na kitu inaanza kukimbia huku na huku kuazima. Na kuna mtoto atakayeshika ammita kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo ya mtihani, maana miaka yote ameiona ikichorwa ubaoni. Akimwambia mdogo wake asiguse fizikia, huyo ni mwoga? Kwangu mimi amepiga hesabu vizuri sana.

Sasa tumuulize nani? Hapa ndipo wagombea hutuchanganya. Gavana akiahidi maabara za sekondari, mkumbushe Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti ilipewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari iko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu huajiriwa na TSC. Wasipotosha, bodi ya shule inaajiri wake, na mara nyingi ni mzazi anayelipa.

Mbunge naye anapenda kukata utepe. Jengo la NG-CDF limepakwa rangi, picha zimepigwa, lakini mfereji hauna maji, hakuna fundi wa maabara, kabati tupu. Ukiniuliza, hiyo ni stoo yenye sinki. Tena Bunge la Kitaifa ndilo hupitisha bajeti ya elimu, pamoja na ule mgao wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka. Kwa hivyo mbunge wako muulize: ulipitisha pesa za kuajiri walimu wangapi wapya? Mgao wa muhula huu umefika shuleni, na umefika wote?

Kabla ya kwenda mkutano wowote, pitia shule iliyo karibu nawe uulize voltmita moja inatumiwa na wanafunzi wangapi. Beba hiyo namba, uitaje kwa maikrofoni ukipewa nafasi.

Maswali leteni hapa chini, nitajibu jioni.