Upembo wa Chuma

Leo tuanzie chini ya mwembe. Mtoto anaangua maembe kwa bomba la chuma, na juu yake umepita waya wa kilovoti 33. Si lazima auguse; akiukaribia tu, umeme unaweza kumrukia. Na upembo wa mti usikudanganye, hasa ukiwa mbichi.

Waya ukianguka, usidhani umekufa. Ardhi inayouzunguka hubeba umeme, na hatua ndefu ndiyo inayoua: mguu mmoja hapa, mwingine kule, umeme unapita mwilini mwako. Bana miguu, ondoka kwa kuiburuta kidogo kidogo bila kuinyanyua. Aliyenaswa usimvute. Piga simu TANESCO, namba 180, uwaelekeze ilipo nguzo.