Gari Linapolala Karatu: Betri ya Gari la Safari na Umeme wa Nyumbani



Masika yanapoingia, barabara ya kutoka Makuyuni hadi lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro hupungukiwa na magari. Watalii wamekwenda zao, na magari yaliyokuwa yakiwapandisha Ngorongoro husimama uani wiki baada ya wiki. Majira hayohayo ndipo umeme wa Karatu unaposumbua. Upepo huangusha matawi juu ya laini, nguzo hulegea katika udongo uliolowa, radi hupiga transfoma, na mji mzima hukaa gizani ukisubiri mafundi wafike mahali penyewe kwenye matope. Nimekuja kuyasema mambo haya mawili kwa pamoja kwa sababu naamini la kwanza linaweza kuliponya la pili. Gari la safari likiwa la umeme, siku halina mgeni ni ghala lililojaa, nalo limeegeshwa hatua chache tu kutoka kwenye friji na taa zilizozimika.

Magari hayo yameshafika kwetu. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia magari ya safari ya umeme huko Serengeti. Arusha, kampuni ya Hanspaul, ambayo kila dereva hapa anaijua kwa bodi za magari ya watalii, iliungana na wataalamu wa Ufaransa kung'oa injini za dizeli katika Land Cruiser na kuweka mota na betri. Kwa jirani zetu wa Kenya, kampuni iliyoitwa Opibus, leo Roam, imefanya kazi kama hiyo, na kambi ya Emboo katika Maasai Mara huchaji magari yake kwa jua. Katika yote haya tumezungumza sana juu ya moshi, kelele zinazofukuza wanyama na bei ya dizeli. Tumezungumza kidogo mno juu ya saa nyingi ambazo gari huwa limesimama.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1997 Willett Kempton wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na mwenzake Steven Letendre waliandika kwamba magari ya umeme yangeweza kuurudisha umeme kwenye gridi. Lilibaki kuwa jambo la makaratasi mpaka maafa yalipolikumbusha. Tetemeko na tsunami vilipoikumba Japani tarehe 11 Machi 2011, petroli iliadimika, na umeme ulirudi mapema kuliko foleni za mafuta zilivyokwisha. Magari ya umeme yalipelekwa kwenye maeneo yaliyoathirika, na watu wakaanza kuuliza kwa nini betri kubwa kiasi hicho isiwashe nyumba. Mwaka uliofuata Nissan pamoja na kampuni ya Nichicon walianza kuuza kifaa cha kuunganisha gari la Leaf na nyumba, chenye uwezo wa kilowati 6. Septemba 2019, kimbunga kilipokata umeme mkoani Chiba, hukohuko Japani, magari ya Leaf yalipelekwa huko yakatoa umeme. Leo yapo magari, kama Hyundai Ioniq 5, yenye uwezo wa kutoa umeme wa soketi moja kwa moja.

Tupige hesabu kwa uniti, kwa kuwa kila mwenye mita ya LUKU anaijua uniti. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Friji ndogo ya nyumbani hula karibu uniti moja kwa siku. Taa tano za LED zikiwaka jioni nzima hazifiki robo uniti. Jiko la presha la umeme huivisha sufuria ya maharage kwa chini ya nusu uniti, jambo la kukumbuka wakati Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Ongeza televisheni, simu na redio: kaya ya kawaida mjini Karatu inaweza kuishi kwa uniti 2 au 3 kwa siku. Sasa tuseme gari la safari lina betri ya uniti 60, na tuache theluthi moja isiguswe ili gari liweze kumpeleka mgonjwa hospitali usiku. Zinabaki uniti 40. Kaya hiyo itakaa wiki mbili, au kaya tano zitakaa karibu siku tatu, na siku tatu ni muda mrefu kuliko kukatika kwingi kwa umeme wetu.

Jenereta ndogo ya petroli hula nusu lita au zaidi kwa kila uniti. Lita ikiwa karibu Sh 3,000, mnalipa Sh 1,500 kwa kile ambacho shirika la umeme, TANESCO, huuza kwa takriban Sh 350 kodi zikiwemo. Nimeona duka la dawa likiendeshwa hivyo kwa siku nzima ili dawa zisiharibike, na siwezi kuliita hilo jambo la kawaida.

Wapo watakaoniuliza umeme wa kuijaza betri hiyo ya gari utatoka wapi. Machi 2024 TANESCO ilizima baadhi ya vituo vyake vya umeme wa maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Mvua zilikuwa nyingi, na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulikuwa umeshaanza kazi. Bwawa hilo limejengwa kutoa megawati 2,115. Mwaka mmoja baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kanda yetu ya kaskazini, akitaja umeme unaopotea njiani ukisafirishwa kutoka mbali. Soma habari hizo mbili pamoja. Maji yapo, mitambo ipo, na shida yetu sisi wa kaskazini ni njia. Basi ukiwa na chombo kinachopokea umeme saa ambazo laini ni nzima na kuutoa saa ambazo laini imeanguka, umeliziba pengo hasa lilipo. Masika huleta neema na adha kwa mpigo, na gari lililosimama uani liko tayari kwa vyote viwili.

Msimu wa watalii ni habari nyingine, na sitaki niwadanganye. Kuanzia Juni hadi Oktoba gari huondoka alfajiri na kurudi jua likizama, kwa hiyo halipo nyumbani saa ambazo paneli za jua, kwa mwenye nazo, zinafanya kazi. Tena kesho yake lina kreta ya Ngorongoro mbele yake. Sakafu ya kreta iko chini ya ukingo kwa karibu mita 600. Gari la tani 3 pamoja na abiria, kupanda tu kutoka kreta kwa barabara ya Lerai, hulazimika kutumia karibu uniti 5, mbali na msuguano wa vumbi na mawe. Kushuka kretani kwa barabara ya Seneto ni kinyume chake: mota hugeuka dainamo, ikalishika gari lisikimbie na kurudisha kwenye betri zaidi ya nusu ya nguvu ya mteremko ule. Lakini betri iliyojaa pomoni haina pa kuuweka umeme huo, na breki ndizo zitakazoungua. Dereva mwenye busara ataondoka hotelini ukingoni akiwa ameacha nafasi ya uniti chache, na uniti hizo chache zinaweza kuwa zimewasha taa za wageni usiku. Si umeme wa bure, kwa maana ulilipiwa gari lilipopanda kutoka Karatu. Hata hivyo ni mfano wa namna milima yetu inavyotaka hesabu yake yenyewe, ambayo kitabu cha mtengenezaji hakitakupa.

Kuna jambo dogo ambalo huwaponyoka wengi. Gari la umeme linapotoa umeme halilali. Kompyuta na vidhibiti vyake hula wati 200 au 300 hata kama umewasha balbu moja ya wati 9. Kuliacha macho usiku kucha kwa ajili ya balbu hiyo ni kumwaga uniti 2 au 3 chini. Afadhali gari liamshwe kwa saa chache, lipoze friji, lipike, lichaji betri ndogo ya taa, kisha lizimwe. Kuhusu kuchakaa kwa betri, wasiwasi ni mkubwa kuliko madhara: nyumba huvuta kilowati moja au mbili, wakati kupanda mlima huvuta makumi ya kilowati.

Sasa hatari, na hapa naomba mafundi mnisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote ya mhadhara huu. Msichomeke kamwe umeme wa gari kwenye soketi ya ukutani huku swichi kuu ya nyumba ikiwa bado imeiunganisha nyumba na laini ya TANESCO. Umeme huo utatoka nje hadi kwenye transfoma, na transfoma haijui mbele wala nyuma. Volti 230 zikiingia upande wa nyumba, upande wa pili zinatoka volti 11,000 au 33,000, kwenye waya ambao kijana wa TANESCO ameupandia nguzo akiamini umekufa. Ataacha mke na watoto kwa ajili ya friji ya jirani. Dawa yake inajulikana: chenji ova, swichi inayoikata nyumba kutoka kwenye gridi kabla haijaiunganisha na gari, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, na ethi ya nyumba ikaguliwe upya, kwa sababu gari lililo juu ya matairi ya mpira halina ethi yake. Kama hakuna pesa ya chenji ova, vuta waya wa ekstensheni kutoka kwenye gari hadi kwenye friji, bila kugusa nyaya za nyumba. Si umaridadi, lakini hakuna atakayekufa.

Swali linalonisumbua zaidi ni la mwenye gari. Madereva wengi mliopo hapa hamyamiliki magari mnayoendesha. Kampuni ndiyo mmiliki, na betri ndicho kifaa ghali kuliko vyote ndani ya gari. Kwa nini mwenye kampuni aruhusu betri yake ilishe nyumba ya dereva masika yote? Jibu langu ni kwamba afanye hivyo kwa mapatano yaliyoandikwa. Soketi ya gari iwe na mita yake, uniti zihesabiwe, dereva alipie alichotumia, naye alitunze gari, alichaji kwa kiasi kinachofaa na asiliache likae miezi miwili betri ikiwa imejaa kabisa au imekwisha kabisa, hali mbili ambazo huiumiza lithiamu. Kampuni inapata mlinzi na mtunzaji. Dereva, ambaye masika humkosesha posho, anapata nyumba yenye mwanga.

Ila sharti takwa hili la soketi tuliseme mapema. Magari yanayobadilishwa leo yatakuwa barabarani miaka mingi, na kuliwekea gari soketi ya kutoa umeme linapoundwa ni rahisi kuliko kulifungua upya baadaye. Kwa hiyo kila anayeagiza gari la safari la umeme kwa ajili ya Karatu na Ngorongoro aandike takwa hilo katika mkataba, pamoja na kiasi cha kilowati anachotaka. Shirika la Viwango liweke kipimo cha soketi hizo kabla soko halijajaa vifaa visivyoelewana. Sisi wa chuo tuchukue kazi ya majaribio: gari moja, zahanati moja yenye friji ya chanjo inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, na msimu mmoja mzima wa masika. Tupime uniti zilizoingia, zilizotoka, zilizopotea gari likiwa macho, na betri imebaki na uwezo gani mvua zinapokatika. Matokeo tuyabandike kwenye ubao wa matangazo wa Halmashauri, kwa Kiswahili, mahali ambapo fundi na mwenye kampuni watayasoma siku ileile.