Wifi Ijaribiwe Kabla ya Malipo: Ununuzi wa Kompyuta za Kutumia Linux katika Shule na Vyuo vya Meru na Embu

Mada kwa semina ya walimu wa kompyuta na maafisa wa ununuzi



1. Fasili

Linux ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991; Ubuntu, Mint na Debian zimejengwa juu yake. Draiva ni programu inayouwezesha mfumo kuendesha kifaa. Haya tunayafundisha kila muhula, sitayarefusha.

2. Hali ilivyo

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi za ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, tunazonunua Makutano au mjini Embu hazifiki hapo, ilhali bado ni nzima. Linux inazifaa. Prosesa, diski na skrini hazisumbui. Kinachotukwamisha ni kadi ya wifi.

3. Tatizo lenyewe

Kadi ya wifi huhitaji famwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani yake kila inapowashwa. Intel inaruhusu famwea yake isambazwe pamoja na Linux, kwa hiyo kadi zake hushika mara moja. Famwea ya kadi nyingi za zamani za Broadcom haina ruhusa hiyo. Kifurushi cha firmware-b43-installer huifuata mtandaoni. Yaani ili upate mtandao, sharti uwe nao kwanza! Shule ya Siakago au Maua isiyo na waya wa mtandao hukwama papo hapo. Debian 12 ya Juni 2023 iliingiza famwea nyingi kwenye flashi ya kusakinishia, ikatupunguzia kazi sana, lakini hii ya kadi za zamani za Broadcom haimo.

Kadi ya BCM43142 ni sugu zaidi. Draiva yake, broadcom-sta, hujengwa upya kila kerneli mpya inapoingia. Ujenzi ukishindikana, wifi iliyoshika Ijumaa haipo Jumatatu. Secure Boot, yaani ulinzi wa uwashaji, ikiwa imewashwa, draiva hiyo hukataliwa hadi mwalimu asajili ufunguo kwenye skrini ya buluu kompyuta inapowaka.

Sikusudii kumlaumu muuzaji wala ofisi yoyote. Hata hivyo, inauma kuona mashine nzima zikifungiwa stoo kwa madai kwamba Linux haifai. Tenda zetu hutaja prosesa, RAM na diski; kadi ya wifi haitajwi. Tumelisema hili miaka nenda miaka rudi.

Wengine hujibu kwamba sheria inakataza kutaja chapa. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inabana chapa, lakini hiyo hiyo inataka masharti yazingatie utendaji. Basi tuandike utendaji.

4. Mapendekezo

1. Kila tenda iseme: "Kompyuta iwake kwa flashi ya Linux na iunganike na wifi bila kuongezewa chochote."
2. Kamati ya ukaguzi ibebe flashi hiyo na kuendesha amri ya lspci -nn. Namba zinazoanza na 8086 ni za Intel, 10ec za Realtek, 14e4 za Broadcom.
3. Ikionekana 14e4:4365, ambayo ndiyo BCM43142, mashine irudishwe.
4. Kwa mashine ambazo tayari tunazo, simu iunganishwe kwa waya wa USB ili bando lake lipakue famwea.
5. Kabla ya kununua kadi mbadala, fundi ahakikishe BIOS haizuii kadi ngeni.
6. Kerneli mpya ijaribiwe kwenye mashine moja kabla ya maabara nzima.
7. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru viombwe kutunza orodha ya pamoja ya modeli zilizojaribiwa.
8. Wifi ijaribiwe kabla ya malipo, mbele ya muuzaji.

Naomba semina ipitishe pendekezo la kwanza na la pili leo, na kila mwalimu mkuu ayafikishe kwa kamati yake kabla ya tenda ijayo.