Mgeni, Mbwa Wake na Wenyeji wa Pwani ya Uskoti



Tumeombwa kunena machache juu ya desturi moja ya Waskoti, nayo ni kukodi nyumba ndogo ya pwani wakati wa likizo, watu wa nyumbani pamoja na mbwa wao. Huenda wengine watacheka, wakiuliza: mbwa ana likizo gani? Kwetu mbwa ni mlinzi, hulala nje, na wengi wetu kwa ajili ya dini hatumwingizi chumbani. Kule huhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba, na bwana wake hapendi kumwacha nyuma. Walakini tusikilize, maana ndani ya jambo hili dogo limo jambo kubwa, yaani jinsi impasavyo mgeni kukaa katika mji wa watu.

Tutwae mfano wa East Neuk, katika nchi ya Fife, ng'ambo ya maji kutoka Edinburgh. Hapo pana miji midogo ya bandari: Crail, Anstruther, Pittenweem, St Monans na Elie. Nyumba zake za kale ni za mawe, na nyingi zimeezekwa vigae vyekundu. Zamani wenyeji waliishi kwa kuvua heringi. Uvuvi ule ulipofifia, nyumba nyingi ziligeuzwa kuwa za kukodishwa wageni. Mwenye nyumba amkubaliye mbwa aghalabu huongeza kodi kidogo, akaweka na masharti: mbwa asipande kitandani, asiachwe peke yake, afutwe mchanga kabla hajaingia ndani.

Nje ya mlango, sheria ni karimu. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2003, kila mtu ana haki ya kupita katika sehemu kubwa ya mashamba, vilima na fuo za Uskoti, hata zikiwa mali ya mwingine, naye aweza kwenda na mbwa wake. Lakini haki hiyo imefungwa pamoja na wajibu. Mbwa lazima awe chini ya amri ya bwana wake. Asiingizwe katika konde lenye wana-kondoo au ndama. Tangu Aprili hata Julai, mahali ndege watagapo chini, afungwe kamba fupi au aandame miguuni. Akichafua njia, bwana wake azoe. Na kwa sheria ya 2021, mbwa akisumbua kondoo, mwenye mbwa aweza kutozwa faini hata paundi 40,000, au kufungwa miezi 12, au yote mawili. Maana kondoo mwenye mimba akikimbizwa huweza kuharibu mimba, hata asipoumwa; na mfugaji ndiye apataye hasara, ilhali mgeni amekwisha rudi kwao.

Tena liko jambo zito zaidi. Nyumba zikiwa nyingi mno za wageni, mwalimu, mwuguzi na kijana wa mji ule watapanga wapi? Wakati wa baridi madirisha huwa giza, na shule hukosa watoto. Kwa hiyo serikali ya Uskoti iliamuru mwaka 2022 kwamba mwenye kukodisha nyumba kwa siku chache apate leseni ya baraza la mahali pale; na tangu Aprili 2024 mabaraza yamepewa ruhusa ya kutoza kodi maradufu juu ya nyumba ya pili isiyo makao ya mwenyewe. Wako wasemao kwamba hayo yawaumiza wanaoishi kwa fedha za wageni. Maneno yao si ya kudharauliwa. Hata hivyo mji usio na wenyeji hauna wa kumkaribisha mtu.

Ndugu, wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa pwani ile ni kununua samaki kwa wavuvi wa hapo, kufunga lango alilofungua, na kumshika mbwa wake.

Nasi watumishi wa serikali, tuhamishwao leo huku na kesho kule, tu wageni karibu maisha yetu yote. Nyumba tunayopewa ina funguo; mji hauna. Huo hufunguliwa na wenyeji kwa hiari yao, nao waweza kuufunga. Basi tukae humo kwa adabu, ili ajaye baada yetu aukute wazi.